Kisima na Hori: Imani Yetu na Mamlaka ya Kanisa

(Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 10:1 hadi 11:18)

Kama Biblia iko karibu, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 10, tuifuate pamoja polepole.

Lipo swali ambalo huulizwa sana huku kwetu Ngaremara, nasi twaamini kwamba huulizwa hata kwenu. Watu husema hivi: "Mimi nimemwamini Bwana Yesu kwa moyo wangu wote. Nina haja gani tena na kasisi, na askofu, na daftari la kanisa?" Na mwingine huuliza kwa uchungu zaidi: "Kanisa limeniambia ningoje. Je, Mungu naye ameniambia ningoje?"

Swali hili si la wabishi tu, wala si la wavivu wa ibada. Mara nyingi huulizwa na watu wanaomtafuta Mungu kwa machozi. Kwa hiyo halifai kujibiwa kwa kukemea.

Kwa wale wasiopajua, Ngaremara ni mji mdogo kaskazini ya Isiolo, katika barabara kuu iendayo Archers Post, Marsabit na Moyale. Wakaaji wengi ni Waturkana, na majirani zetu ni Wasamburu, Waborana na Wameru. Neno "ngare" katika lugha ya Kimaa maana yake ni maji, na sisi wa huku tunaijua thamani ya maji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha. Watu waliokuwa na mifugo mingi walibaki na fimbo mkononi.

Basi mfugaji wa huku anajua kwamba kisima ni kitu kimoja na hori ni kitu kingine. Wakati wa kiangazi watu huchimba kisima katika mchanga wa laga, maji huchotwa na kumiminwa katika hori, na mifugo hunywa kwa zamu. Hori halitoi maji. Hata likichongwa kwa mti mzuri namna gani, pasipo kisima ni mti mkavu tu. Lakini ondoa hori, uone. Ng'ombe wataingia kisimani wote kwa mara moja, watakanyagana, kingo zitabomoka, na maji yatakuwa matope.

Kisima chetu ni Kristo. Maji ni uzima anaompa kila amwaminiye. Kanisa, pamoja na makasisi wake, sinodi zake na taratibu zake, ni hori. Tukiushika mfano huu, ndugu zetu, tutaliona swali letu vizuri zaidi.

Sasa tutazame somo letu. Huko Kaisaria alikuwako akida mmoja wa jeshi la Kirumi, jina lake Kornelio. Alimcha Mungu, alisali, aliwasaidia maskini. Lakini hakuwa Myahudi, wala hakutahiriwa. Kwa taratibu zote alizozijua Petro, mtu huyu alikuwa wa nje, na Myahudi mwema hakupaswa hata kuingia nyumbani mwake. Mungu akamtumia Petro maono, akamtumia na wajumbe, Petro akaenda. Akaanza kuhubiri. Kabla hajamaliza, Roho Mtakatifu akawashukia wote waliokuwa wakisikiliza. Petro akaona kwamba Mungu amekwisha kuwapokea watu hawa, naye hana haki ya kuwanyima maji. Akaagiza wabatizwe.

Angalieni: hakuna halmashauri iliyokutana kwanza. Hakuna barua iliyotoka Yerusalemu. Mungu alitangulia, na Kanisa likafuata.

Watu wengi hufika hapo wakafunga Biblia, wakasema, "Mnaona? Roho akiwapo, viongozi hawana kazi." Tusifunge. Twende sura ya 11. Petro anaporudi Yerusalemu, ndugu wanamlaumu kwa kula pamoja na watu wasiotahiriwa. Petro afanyaje? Hasemi kwamba yeye ni mtume mkuu asiyeulizwa. Hasemi kwamba ataanzisha kanisa lake huko Kaisaria. Anasimama mbele yao, anawaeleza jambo lote tangu mwanzo, na ndugu sita aliokwenda nao wapo kama mashahidi. Nao wale waliomlaumu wakasikiliza mpaka mwisho, wakanyamaza, kisha wakamtukuza Mungu.

Hapo pana mambo mawili, na yote mawili ni ya lazima. Petro alimtii Mungu kwanza, kisha akakubali kuulizwa na ndugu zake. Na Kanisa liliuliza, kisha likakubali kufundishwa. Tena, lawama ilimwangukia Petro mwenyewe. Hakumtuma Kornelio aende Yerusalemu kujitetea.

Baada ya hayo tuje nyumbani. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana kutoka sehemu nyingi za dunia walikutana Lambeth, London, wakaazimia kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Aliweza kufundishwa, aliweza kuhesabiwa miongoni mwa wanaongoja, lakini ubatizo hapana, mpaka aikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa kanisa la mahali pale. Tusiwadharau maaskofu wale. Walitaka kuilinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, ambayo Kanisa letu linaifundisha mpaka leo kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu.

Lakini mfikirieni mzee mfugaji wa huku kwetu. Ameoa wake watatu kwa mila za baba zake, kabla hajalisikia jina la Yesu. Ametoa mahari ya ng'ombe, ngamia na mbuzi. Siku moja anaisikia Injili, moyo wake unachomwa, anaamini. Anakuja kwa kasisi akiomba maji. Anaambiwa, "Kwanza uchague mke mmoja." Basi yule wa pili aende wapi, na yule wa tatu? Mifugo ya mahari imekwisha kugawanywa kwa baba, wajomba na ndugu, haiwezi kurudi. Watoto watalala boma la nani? Mwanamke huyu hakutenda kosa lolote. Pengine yeye ndiye aliyeamini kwanza, akamleta mumewe kanisani. Azimio liliandikwa London, lakini gharama yake ililipwa na mwanamke wa kijijini pamoja na watoto wake.

Wako wazee waliongoja hivyo miaka mingi, wakafa wakiwa wanangoja. Jamaa zao hutuuliza, "Baba yetu aliomba kila siku, na jina lake halimo katika daftari. Je, amepotea?" Tunawajibu kwa somo la leo. Kornelio alipokea Roho kabla ya kupokea maji. Daftari la Kanisa ni kitu chema, lakini si Kitabu cha Uzima. Yule aliyemwahidia mnyang'anyi msalabani mahali pamoja naye hakutazama kwanza cheti cha ubatizo.

Jambo hili lilibadilikaje? Mwaka 1975 ilianzishwa Dayosisi ya Mount Kenya East, na askofu wake wa kwanza alikuwa David Gitari, ambaye baadaye, mwaka 1997, alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya. Dayosisi hiyo ilianzia katika mashamba ya kahawa na chai ya Kirinyaga na Embu, ikaendelea mpaka nchi kavu za wafugaji wa kaskazini. Injili ilipoingia mabomani, swali la wenye wake wengi halikuweza tena kukwepwa. Askofu Gitari hakulinyamazia. Alilichunguza katika Maandiko, aliandika juu yake, akawa miongoni mwa waliolipeleka mbele ya maaskofu wenzake.

Mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya azimio la kwanza, maaskofu walikutana tena katika Baraza la Lambeth. Walithibitisha kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Lakini wakakubali kwamba mtu mwenye wake wengi akiipokea Injili aweza kubatizwa na kupewa kipaimara, pamoja na wake zake na watoto wake walioamini. Aahidi kwamba hataongeza mke mwingine maadamu yeyote wa wale alionao yu hai. Kanisa la mahali pale likubali kumpokea. Na asilazimishwe kumwacha mke hata mmoja, kwa sababu ya dhiki ambayo mwanamke huyo angeipata.

Mnaona, ndugu zetu, Kanisa lilifanya kama wale wa Yerusalemu. Lilisikiliza. Ni kweli kwamba lilichelewa, na waliochelewewa waliumia. Lakini halikufundishwa na watu waliolikimbia. Lilifundishwa na watu waliokaa ndani yake, wakaendelea kusema.

Je, viongozi wa Kanisa wanayo mamlaka? Ndiyo, wanayo. Katika Vifungu 39 vya Dini, vilivyokamilishwa mwaka 1571, ambavyo sisi tuliofundishwa katika vyuo vya theolojia vya Kianglikana tulivisoma, imekubaliwa kwamba Kanisa lina uwezo wa kuamua katika mabishano ya imani. Lakini vifungu hivyo hivyo vinalifunga Kanisa lisiagize lolote lililo kinyume cha Neno la Mungu, wala lisimlazimishe mtu kuamini kwamba jambo fulani ni la lazima kwa wokovu kama halimo katika Maandiko. Tena vinakiri wazi kwamba hata mabaraza makuu ya Kanisa yaweza kukosea, na mengine yamekwisha kukosea. Wako wadhanio kwamba kusema hivyo ni uasi. La hasha, ni mafundisho ya Kanisa lenyewe.

Lakini mtu akiona kwamba viongozi wamekosea, afanye nini? Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano.

Mwaka 1936, huko Namirembe, Kampala, sinodi ya Kanisa la Uganda ilikuwa karibu kukutana. Mwalimu mmoja kijana, Blasio Kigozi, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda, alitaka kuwauliza viongozi maswali mazito: kwa nini Kanisa limepoa, kwa nini watu waishio wazi katika dhambi wanakaribishwa Mezani pa Bwana, na nini kifanyike ili Kanisa liamke. Alifariki kwa homa mwezi wa Januari mwaka huo, kabla ya mkutano. Maswali yake hayakufa naye. Uamsho ulienea, na mwaka 1937 ukafika Kenya.

Kisha mwaka 1941 mambo yalizuka katika chuo cha theolojia cha Mukono. Wanafunzi waliookoka walikuwa wakiamka alfajiri na mapema kuomba, na kuwashuhudia wenzao juu ya dhambi zilizokuwamo chuoni. Mkuu wa chuo akapiga marufuku mikutano ile ya alfajiri na mahubiri yale. Wanafunzi wakaona kwamba hawawezi kutii bila kumkana Bwana aliyewaokoa. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwamo kiongozi wao, William Nagenda. Nagenda hakuwekewa mikono kuwa kasisi mpaka alipofariki mwaka 1973.

Wengi wangetazamia kwamba watu kama hao wangejenga kanisa jingine ng'ambo ya barabara. Hawakufanya hivyo. Walipokea adhabu, wakarudi kuketi katika viti vya kanisa lile lile, wakaendelea kushuhudia. Nagenda alihubiri katika nchi nyingi akiwa mlei. Naye Askofu Cyril Stuart wa Uganda, ingawa alisumbuliwa sana na jambo hili, alitafuta upatanisho, na Uamsho ukabaki ndani ya Kanisa. Januari 1948 kijana mmoja wa Acholi, Janani Luwum, aliokoka kwa ushuhuda wa ndugu wa Uamsho. Mwaka 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin kulaumu mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini, na tarehe 16 ya mwezi huo Luwum akauawa. Tazameni: imani ya moyoni na kiti cha Kanisa vilikutana katika mtu mmoja. Wakati ule kiti kile hakikunyamazisha dhamiri ya mtu. Kiliisemea nchi nzima.

Hatusemi kwamba kila aliyeondoka alikuwa mwovu. Huko Nyanza, mwaka 1957, Kasisi Matthew Ajuoga na wenzake walitoka katika Kanisa la Kianglikana, wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, baada ya ugomvi uliohusu Uamsho huo huo. Kundi lao liliitwa Johera, yaani watu wa upendo. Mungu ndiye anayejua mioyo. Lakini kila mgawanyiko huacha jeraha katika nyumba, kati ya ndugu na ndugu.

Lipo na jeraha jingine, na hili taifa letu haliwezi kulisahau. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa. Watu walikuwa wamefundishwa kufunga kula mpaka wafe, ili wamwone Yesu. Waliokufa humo walikuwa pamoja na watoto wadogo. Hapo palikuwa na bidii, palikuwa na maombi, palikuwa na watu walioacha shule, hospitali na kazi zao kwa ajili ya imani. Lakini hapakuwa na Yerusalemu ya kwenda kutoa maelezo. Hapakuwa na ndugu sita wa kushuhudia, wala sinodi ya kuuliza. Hilo ndilo hori likivunjwa: kisima hugeuka matope, na wadogo ndio wanaokanyagwa kwanza.

Basi twaweza kuipimaje sauti ya dhamiri, tujue kama ni ya Roho wa Mungu au ni ya kiburi chetu? Tunawapa vipimo vitatu. Kwanza, je, jambo hili linakubaliana na Maandiko yote, wala si mstari mmoja uliokatwa peke yake? Pili, je, tuko tayari kulieleza wazi mbele ya ndugu na kuulizwa, kama Petro alivyoulizwa? Tatu, gharama yake italipwa na nani? Wanafunzi wa Mukono walilipa wenyewe. Luwum alilipa mwenyewe. Mahali ambapo mhubiri anakula na watoto wa wenzake wanakufa njaa, hapo hakuna sauti ya Mchungaji Mwema.

Na kipimo hiki cha tatu kinatupima hata sisi viongozi. Kila mara halmashauri inapoweka sheria, na iulize: atakayelipa ni nani? Je, ni sisi tulioketi mezani, au ni mjane asiye na sauti? Sisi makasisi tu wachotaji wa maji, si wenye kisima. Nanyi wakristo, msimgeuze kasisi kuwa emuron, mtu wa kuogopwa kana kwamba ameishika mvua mkononi. Mheshimuni, mwombeeni, na akipotoka mwambieni kwa upole.

Tena tunao wenye jina katika daftari tu. Amebatizwa, amepata kipaimara, michango amelipa, lakini hajamwomba Mungu kwa moyo wake tangu alipokuwa kijana. Wako hata waliolichagua kanisa kwa kutazama ni lipi linalogawa unga wakati wa njaa. Hatuwacheki, maana njaa haina adabu. Lakini ndugu yetu, unaweza kusimama karibu na hori mchana kutwa na bado ukafa kwa kiu. Kanisa haliwezi kuamini kwa niaba yako. Inama, unywe.

Na wewe uliyeambiwa ungoje, usiondoke kwa hasira, wala usifikiri kwamba Mungu amekukataa. Nenda kwa kasisi wako ukaeleze habari yako tangu mwanzo. Nenda na mashahidi, kama Petro. Asipokusikia, wako wazee wa kanisa, yuko mkuu wa wachungaji wa eneo lenu, yuko askofu. Na wakati unangoja, omba. Yule aliyemsikia Kornelio nyumbani kwake, saa tisa ya mchana, anasikia hata Ngaremara.

Tunawaomba juma hili msome sura hizo mbili nyumbani, mzazi pamoja na watoto, na mzungumze juu yake. Sasa tuombe.

Ee Bwana Yesu, kisima cha uzima, tunakushukuru kwa kuwa unatupokea kabla watu hawajatupokea. Ulifundishe Kanisa lako kusikiliza. Utupe sisi ujasiri wa kukutii wewe kwanza, na unyenyekevu wa kuulizwa na ndugu zetu. Uwafariji wote wanaongoja mlangoni, na wote waliofiwa na waliokuwa wakingoja. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Kwaherini.